Kangaga la Killarney na Haki ya Genge

Kangaga la Killarney, ambalo wanabotania hulitaja kwa jina la Vandenboschia speciosa, na ambalo vitabu vya zamani huliita Trichomanes speciosum, ni mmea wa magenge yenye kivuli: hukaa katika nyufa za majabali, katika vipango vidogo na kando ya maporomoko ya maji, mahali ambapo jua halipenyi na hewa haikauki mwaka mzima. Maskani yake ni pande za magharibi za Ulaya, tangu Ayalandi na Uingereza hata Hispania na Ureno, pamoja na visiwa vya Azores, Madeira na Kanari. Waliolisifu wamelisifu kwa jani lake. Nami nadai kwamba jani hilo, pamoja na uzuri wake wote, limetupoteza njia, na kwamba atakaye kulihifadhi kangaga hili hana budi kuanza na genge.

Jani nalo lina haki yake. Huchipuka kutoka katika shina jeusi lenye manyoya, litambaalo juu ya mwamba, na likikomaa huweza kufikia urefu wa takriban sentimita 40. Limegawanyika vipande vidogo vidogo, na baina ya mshipa na mshipa bapa lake lina unene wa seli moja tu, hata ukilikabilisha na nuru waona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Ukingoni mwake mna vikombe vidogo vya kuhifadhia spora, na katika kila kikombe umechomoza unywele mmoja. Halina stomata, yaani vitundu vya kupumulia, na ngozi yake ya nje ni hafifu mno. Maji huingia na kutoka popote, na kwa sababu hiyo upepo mkavu ukidumu hulisinyaza na kuliua.

Uzuri huo ndio uliolitia mashakani. Katika karne ya 19 Waingereza walishikwa na shauku ya makangaga iliyopita kiasi, hata mwandishi Charles Kingsley, mwaka 1855, akaibunia jina lenye maana ya wazimu. Na kwa kuwa Nathaniel Ward, tabibu wa London, alikwisha kuonyesha kwamba mmea huweza kuishi ndani ya sanduku la kioo lililofungwa, kangaga lisilostahimili hewa kavu likageuka kuwa pambo la sebule, na magenge yakakwanguliwa kwa ajili ya biashara.

Lakini kangaga lina maisha mawili. Spora ya jani ikiota haizai jani, bali mmea mwingine mdogo, gametofiti, ambao ndio wenye viungo vya uzazi wa kiume na wa kike. Katika makangaga mengi gametofiti ni kibapa cha maisha mafupi. Katika hili ni nyuzi za kijani zilizosongamana kama sufi ndani ya ufa, ziishizo miaka na miaka, zikijiongeza kwa vichipukizi vya seli chache vimegukavyo na kuota, pasipo kuhitaji jani wala spora. Hustahimili baridi, na hukua penye nuru isiyotimia asilimia moja ya nuru ya nje. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Donald Farrar, mtaalamu wa Marekani aliyekwisha kuzichunguza nyuzi za namna hii katika magenge ya Appalachia, alizitambua nchini Uingereza. Baadaye zikaonekana Luxembourg, Ujerumani na Ucheki, katika majabali ya mawe ya mchanga ambako jani ni nadra au halipo kabisa.

Yuko atakayesema kwamba mmea usiotoa jani ni nusu ya mmea, wala haustahili ulinzi wa mmea mzima. Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini haisimami. Nyuzi zaweza kudumu bila jani, ilhali spora haizai mmea mpya wenye majani ila kwa kupitia uhai wa nyuzi. Mkataba wa Bern wa 1979 na Agizo la Makazi la Jumuiya ya Ulaya la 1992 vimeutaja mmea kwa jina lake, havikuchagua sura yake moja. Kadhalika swali hili si la Wazungu peke yao, maadamu ukoo huu wa makangaga ya utando unao wenyeji wake katika misitu ya ukungu ya Usambara na Uluguru.

Na hapo ndipo tofauti ya wadhalimu wawili inapodhihirika. Mchumaji wa karne ya 19 alichukua majani, na aghalabu hakujua kwamba nyuma yake, ndani ya ufa, huenda zimebaki nyuzi; bali afyekaye miti iliyolitia genge kivuli, au ageuzaye kijito ili kuendesha mtambo wa umeme, huyamaliza maisha yote mawili pasipo kuugusa mmea hata kwa kidole. Basi mkaguzi na aingie genge akiwa na taa na kioo cha kukuza, apime unyevu na nuru kabla ya kuhesabu majani. Na sheria iuhesabu mti wa juu na kijito cha chini kuwa ni sehemu ya milki ya kangaga, kwa kuwa pasipo hivyo viwili hakuna cha kuhesabiwa.