Pipa Lisilo na Mvinyo

Nilikuwa safarini Ujerumani, na Jumamosi moja ya Septemba wenyeji wangu walinichukua kwenda kwenye sikukuu ya kuonja mvinyo. Tulipanda treni ndogo kutoka Mannheim, na baada ya muda dirishani ikawa ni mizabibu tu, mistari kwa mistari, mpaka tukafika Bad Dürkheim katika mkoa wa Pfalz.

Sikukuu yenyewe inaitwa Wurstmarkt, yaani Soko la Soseji. Jina lisikudanganye, kinachowaleta watu ni mvinyo. Historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1417. Enzi hizo mahujaji walikuwa wakipanda kilima cha Mtakatifu Mikaeli kusali kwenye kanisa dogo lililokuwa pale juu, nao wakulima wakawaletea mikate, soseji na mvinyo kwa matoroli. Mpaka leo vibanda vya kienyeji vinaitwa kwa jina la matoroli hayo. Unakaa kwenye benchi refu, bega kwa bega na watu usiowajua, na glasi ya nusu lita inapita mkono kwa mkono. Glasi ina vishimo pembeni. Inasemekana viliwekwa ili wauza nyama wenye mikono ya mafuta wasiiangushe!

Karibu na uwanja kuna pipa la mbao kubwa kuliko nyumba ya ghorofa. Kipenyo chake ni mita 13 na nusu, na lingeweza kubeba lita milioni 1.7. Basi nikatoa kijitabu changu nikaandika sentensi ya kumpelekea mhariri: "Hapa hakuna kilichobadilika tangu 1417." Nilijiona mwandishi kweli kweli.

Mwenyeji wangu alipochungulia akacheka. Pipa lile lilijengwa mwaka 1934 na mkulima wa mizabibu aliyeitwa Fritz Keller. Halijawahi kutiwa mvinyo. Ndani ni mgahawa. Hata jina la Wurstmarkt lilianza kutumika karne ya 19.

Nikauliza, na ile barabara tuliyoiona, yenye vibao vya "Barabara ya Mvinyo ya Ujerumani", nayo je? Hapo kicheko kikaisha.

Ndugu zangu, barabara ile ilizinduliwa Oktoba 1935, miaka miwili baada ya Wanazi kushika madaraka. Mavuno ya 1934 na 1935 yalikuwa makubwa, mvinyo ukajaa maghalani na bei ikaanguka. Wanunuzi walikuwa wapi? Sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo mkoani humo ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Wayahudi, wenye wateja mijini na ng'ambo. Wanazi walikuwa wakiwafukuza sokoni. Waliovunja soko ndio hao hao waliotafuta dawa yake, wakabuni njia ya kuwaleta watalii wanywe mvinyo pale pale unapotengenezwa. Mzinduzi alikuwa Josef Bürckel, kiongozi wa chama hicho katika eneo hilo.

Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba 1940, Bürckel na mwenzake wa Baden, Robert Wagner, waliwakusanya Wayahudi zaidi ya 6,500 wa maeneo yao na kuwapakia kwenye treni hadi kambi ya Gurs, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wengine walifia huko kwa njaa na baridi. Kuanzia 1942 wengi wa waliobaki walipelekwa Auschwitz kuuawa.

Sikuambiwa haya kwa kunong'onezwa. Aliyeniambia ni Mjerumani, mezani, glasi ikiwa mkononi. Nilimheshimu kwa hilo.

Hija ni ya kweli, na matoroli pia. Wala mzabibu hauna dhambi. Lakini sikukuu ni kama ukoo: wanaotajwa ni wale waliopo mezani, na anayefika mgeni huamini kwamba hao ndio wote. Kazi yetu sisi wa kalamu ni kuuliza nani alikuwa akikaa kwenye nafasi iliyo wazi.

Je, nilikunywa? Nilikunywa, mvinyo mweupe uliochanganywa na maji ya soda, na ulikuwa mzuri. Kisha nikafungua kijitabu nikaikata ile sentensi yangu.