Neno Lililotoka Sarandibu

Neno "serendipity" lina sura ya Kiingereza, lakini asili yake ni kisiwa. Mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi walikiita Sarandibu kisiwa ambacho leo ni nchi ya Sri Lanka, nalo jina hilo latokana na Kisanskriti, Simhaladvipa, yaani kisiwa cha Wasinhala.

Aliyelifanya jina la kisiwa kuwa jina la dhana ni mwandishi wa Kiingereza, Horace Walpole. Tarehe 28 Januari 1754 alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza mjini Florence. Alikuwa amekuta jambo dogo tu, habari ya nembo ya ukoo wa Capello katika kitabu kikongwe cha Venice, na furaha yake ikamfanya abuni neno. Alikumbuka hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Sarandibu, ambao safarini waligundua mambo wasiyoyatafuta, kwa sadfa na kwa werevu.

Hekaya hiyo ilipigwa chapa Venice kwa Kitaliano mwaka 1557, na mizizi yake yafika kwa Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyetunga kwa Kiajemi. Humo, wana wa mfalme wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wanamwuliza: ngamia wako si chongo? Hana pengo? Hachechemei? Ngamia mwenyewe hawakupata kumwona. Waliona majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, tena ule wenye majani hafifu. Waliona matonge yaliyodondoka, ukubwa wa jino. Waliona alama ya mguu uliokokotwa. Wakadhaniwa wezi, wakatiwa kifungoni hadi ngamia alipopatikana.

Walpole, akisimulia kwa kumbukumbu, alimgeuza ngamia kuwa baghala. Kosa hilo halisumbui. Linalosikitisha ni yaliyolifika neno baadaye. Barua zilichapishwa mwaka 1833, neno likaenea katika karne ya 20, na wengi wakashika sadfa, wakauacha werevu. Mwaka 1928 kuvu iliharibu sahani ya vijidudu ya Alexander Fleming. Asingetazama vema, sahani ingeoshwa, na penisilini isingejulikana siku ile.

Mfasiri wa Kiswahili aandikaye "sadfa" peke yake hulirudia kosa hilohilo, na aandikaye "bahati" hulizidisha. Heri aseme "sadfa na utambuzi", maana Walpole naye, alipolieleza neno lake, alihitaji mawili.