Makubaliano ya kukiri kosa (Tanzania)

Makubaliano ya kukiri kosa ni mapatano ya maandishi kati ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa katika kesi ya jinai. Mshtakiwa hukubali kukiri, na upande wa mashtaka hukubali kupunguza shtaka, kuondoa baadhi ya mashtaka au kupokea fidia bila kuendesha kesi nzima. Swali la kwanza la mshtakiwa huwa ni: nikikiri, nitapewa miaka mingapi? Nchini Tanzania jibu lake hutegemea zaidi shtaka litakalobaki kuliko hesabu ya miaka yenyewe.

Chanzo

Utaratibu huu uliingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa marekebisho yaliyopitishwa na Bunge jijini Dodoma Septemba 2019 (vifungu vya 194A na kuendelea). Kanuni zake zilitolewa mwaka 2021. Mwezi uleule wa Septemba 2019 Rais John Magufuli alitoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurejesha fedha, kisha akaongeza siku nyingine saba. Mkurugenzi wa Mashtaka alimweleza kuwa washtakiwa 467 waliomba kurejesha jumla ya shilingi bilioni 107.8.

Jinsi adhabu inavyokadiriwa

Katika mahakama za shirikisho za Marekani wakili huanza na jedwali. Upande mmoja kuna ngazi 43 za uzito wa kosa, upande mwingine makundi 6 ya rekodi ya jinai ya mshtakiwa. Zinapokutana ndipo hupatikana idadi ya miezi, ya chini na ya juu. Kukiri hushusha ngazi 2 au 3. Tangu hukumu ya United States v. Booker ya mwaka 2005, jedwali hilo humwongoza jaji bila kumfunga.

Tanzania haina jedwali la namna hiyo. Wakili huangalia kwanza kima cha chini na cha juu katika kifungu cha sheria kilichotajwa kwenye hati ya mashtaka. Baada ya hapo hupima mambo ya kawaida: mkosaji wa mara ya kwanza au la, umri, hasara iliyotokea, muda aliokaa mahabusu, na mapema kiasi gani alikiri. Mahakama za Tanzania zilihesabu kukiri kuwa sababu ya kupunguza adhabu miaka mingi kabla ya 2019. Lakini pale sheria inapoweka kima cha chini, huruma ya hakimu haiwezi kushuka chini yake.

Mfano mzuri ni kesi za ujangili katika uwanda wa kati. Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, inapakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Muhesi na Kizigo, na rufaa nyingi za huko zimewahi kusikilizwa na Mahakama Kuu, Dodoma. Tuseme mtu amekamatwa porini akiwa na panga na nyama kavu ya pofu. Anaweza kushtakiwa kwa kuingia katika pori la akiba bila kibali, kumiliki silaha humo, na kupatikana na nyara za Serikali. Makosa mawili ya kwanza yanaweza kuishia kwa faini. La tatu, likiunganishwa na Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200, lina kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Akikiri mashtaka yote matatu bila mapatano, unyoofu wake hautamwondoa katika miaka 20. Shtaka la tatu likiondolewa au kubadilishwa kwa makubaliano, hesabu yote inabadilika. Kwa hiyo thamani ya nyara iliyoandikwa na ofisa wanyamapori inastahili kusomwa kwa makini: ikizidi shilingi milioni 20, hakuna makubaliano bila ridhaa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kesi iliyojulikana sana ni ya mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019. Februari 2020, katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, shtaka la kuongoza genge la uhalifu liliondolewa. Alitiwa hatiani kwa kukwepa kodi na kutakatisha fedha, akatozwa faini iliyofikia milioni 100 kwa kosa la pili, pamoja na fidia ya zaidi ya milioni 170, akaachiwa.

Mipaka na kazi ya mahakama

Makubaliano hayaruhusiwi katika uhaini, ugaidi, dawa za kulevya za thamani inayozidi shilingi milioni 20, na makosa ya kujamiiana yenye adhabu inayozidi miaka mitano au yanayohusu mtoto chini ya miaka 18.

Hakimu au jaji hashiriki katika majadiliano. Kazi yake ni kuhakikisha mshtakiwa amekubali kwa hiari, ana akili timamu na anaelewa anachokiacha: kesi kamili, na rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Adhabu hutolewa na mahakama, hivyo wakili anayemwahidi mteja idadi kamili ya miaka anaahidi kisicho chake.

Ukosoaji

Hoja nzito zaidi ni ya dhamana. Kutakatisha fedha ni kosa lisilo na dhamana, na mtu aliyekaa mahabusu miezi mingi anaweza kukiri ili atoke tu, awe na hatia au asiwe nayo. Fedha zilizokusanywa nazo zilizua maswali: Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka tume ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliangalie suala hilo.

Aliyekiri bila hiari au kwa kudanganywa anaweza kuiomba mahakama iliyomhukumu itengue hatia na adhabu. Mwendesha mashtaka naye anaweza kuomba hivyo kukiwa na udanganyifu.