Wageni wa Angkor na Jina la Mjenzi

Msafiri aendaye Angkor Wat, katika nchi ya Kambodia, huingia kwa upande wa magharibi. Kwanza huvuka handaki la maji lenye upana wa karibu mita 190, akipita juu ya njia ya mawe. Kisha hupita langoni, na baada ya mwendo mwingine mrefu ndipo aifikiapo minara mitano ya hekalu. Ule wa katikati wapata mita 65 kwenda juu. Mpango huo haukufanywa ovyo. Minara ni mfano wa mlima Meru, ambao kwa Wahindu ni makao ya miungu na kitovu cha ulimwengu. Na maji yale ni mfano wa bahari iuzungukayo. Hekalu lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, zama za mfalme Suryavarman wa Pili, likawekwa wakfu kwa Vishnu.

Mambo hayo leo huelezwa kila mgeni. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka mia tano wageni walioandika habari za mahali hapo walikwenda zao bila ya kumjua mjenzi, au walimtaja asiyekuwa yeye. Kosa hilo lastahili kuchunguzwa, kwa sababu halikutokana na upumbavu. Lilitokana na desturi ya msafiri kuyafasiri mambo ya ugenini kwa maneno ya kwao.

Mchina Zhou Daguan alifika Angkor mwaka 1296 pamoja na wajumbe wa mfalme wake, akakaa hata mwaka 1297. Kitabu chake chaeleza kwa uangalifu masoko, mavazi, mavuno na misafara ya mfalme, wala haikupatikana habari nyingine ya mtu aliyeuona mji ule kwa macho yake ungali katika enzi yake. Hata hivyo, alipolitaja jengo kubwa lililo kusini ya mji, ambalo wataalamu waliona kuwa ndilo Angkor Wat, aliliita kaburi la Lu Ban, fundi mashuhuri wa masimulizi ya Kichina. Wakati huo hekalu lilikuwa bado halijatimiza miaka mia mbili.

Katika karne ya 17 walifika Wajapani. Mmoja wao, Ukondayu Kazufusa, aliandika juu ya nguzo, mwaka 1632, kwamba amevuka bahari na kuleta sanamu nne za Buddha. Maana hekalu lilikwisha kuwa mahali pa ibada ya Kibudha. Ramani ya Kijapani ya jengo hilo, ambayo nakala yake ni ya mwaka 1715, yaliita Jetavana, yaani ile bustani ya Uhindi alimofundisha Buddha mwenyewe. Mahujaji hao walisafiri mpaka Kambodia, wakadhani kuwa wamefika Uhindi.

Mwezi wa Januari 1860 akaja Mfaransa Henri Mouhot. Aliwauliza wenyeji ni nani aliyejenga, akajibiwa kuwa ni kazi ya mfalme wa malaika, au ya majitu, au kwamba jengo lilijijenga lenyewe. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1863, naye amekwisha kufa. Humo aliulinganisha utukufu wa mawe na hali ya watu aliowakuta, akawahesabu kuwa washenzi. Basi wasomaji wengi wa Ulaya wakasadiki kuwa hekalu limevumbuliwa, na kwamba taifa lililolijenga limetoweka. Lakini watawa wa Kibudha walikuwa wakiishi hapo hapo, na katikati ya karne ya 16 mfalme wa Wakhmeri, Ang Chan, alikuwa ameamuru kuta zilizosalia tupu zitiwe nakshi.

Waliolisahihisha kosa hili ni wanalugha. Tangu mwisho wa karne ya 19, Kern, Barth na Bergaigne walisoma maandishi ya mawe yaliyo katika Kisanskriti, na Aymonier akayashughulikia yale ya Kikhmeri cha kale. Baada yao Cœdès alitoa majuzuu manane ya maandishi hayo, tangu 1937 hata 1966. Ilidhihirika kwamba kila lugha ilikuwa na kazi yake. Kisanskriti kilitumika katika mashairi ya kuwasifu miungu na wafalme. Kikhmeri kilihesabu mashamba, mipaka, watumwa na mchele wa hekalu. Mtu angalisoma mashairi peke yake angaliweza kudhani kuwa wenye nchi walikuwa Wahindi. Hesabu za mashamba ndizo zionyeshazo ni nani waliolima, waliobeba na waliotumika.

Katika Angkor Wat halikuonekana jiwe la kutangaza kuwekwa kwa msingi. Lakini katika baraza ya kusini, penye sanamu ya mfalme na majemadari wake, mna mistari mifupi ya Kikhmeri. Humo mfalme aitwa Paramavishnuloka, yaani aliyekwenda katika makao makuu ya Vishnu, nalo ni jina alilopewa baada ya kufa. Na maandishi ya Kikhmeri ya karne ya 16, yaliyomo humo humo hekaluni, yaliita jengo Bisnulok, yaani Vishnuloka.

Kwa hiyo, wenyeji hawakulipoteza jina la mjenzi. Walilihifadhi kwa kulipa jengo lenyewe, ijapokuwa habari za mtu mwenyewe ziligeuka kuwa hadithi za malaika na majitu. Swali la mgeni, nani aliyejenga, lilileta hadithi; kama angaliuliza jengo hili lilikuwa likiitwaje zamani, na kuitafuta maana ya jina hilo, huenda angalikaribia zaidi ukweli. Hata neno Angkor ni nagara ya Kisanskriti, yaani mji, iliyotamkwa kwa ulimi wa Kikhmeri. Mawe huonekana kwa kila apitaye. Lakini habari za waliolijenga hekalu zilikuwamo katika lugha ya watu ambao msafiri aliwapita mlangoni.