Mapato ya Mlangoni na Gharama ya Shabiki katika Ligi Kuu Tanzania Bara

Tarehe 8 Machi 2020, watazamaji 59,325 waliingia Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, ambao wakati huo ulikuwa bado haujapewa jina la Benjamin Mkapa, kuwashuhudia watani wa jadi, Simba na Yanga. Mlangoni zilikusanywa shilingi milioni 545 na ushei, yaani wastani wa zaidi kidogo ya shilingi 9,000 kwa kila kichwa. Kabla Yanga, waliokuwa wenyeji, hawajagusa chochote, Kodi ya Ongezeko la Thamani iliondoka na takriban milioni 83, na nyuma yake wakapanga foleni wenye uwanja, wasimamizi wa soka na gharama za tiketi. Mjadala wetu kuhusu mapato ya mlangoni huanzia kwenye orodha hii ya makato na mara nyingi huishia hapohapo: nani kachukua nini, na klabu imebakiwa na nini.

Orodha hiyo inasimulia kilichotokea ndani ya geti. Hoja ya makala haya ni kwamba kinachodumaza mapato hayo kiko nje ya geti, katika gharama ambazo hazimo kwenye taarifa yoyote ya fedha: nauli, siku nzima ya kazi iliyoachwa, na hatari kwamba mechi yenyewe huenda isichezwe.

Tumtazame shabiki wa Mbeya anayesafiri kwenda Dar es Salaam. Kiingilio cha mzunguko, hata siku ya watani, kwa miaka ya karibuni kimekuwa maelfu machache ya shilingi. Nauli yake ya basi kwenda na kurudi inakipita kiasi hicho mara kadhaa, na bado hajala wala hajapata pa kulala. Hata wa Mbagala, ambaye uwanja uko jirani, huondoka nyumbani adhuhuri kwa mechi ya usiku, kwa sababu anayechelewa hukuta mageti yamefurika au hubaki mikononi mwa walanguzi. Kwa watu hawa wawili, kupunguza kiingilio kwa shilingi 1,000 hakubadilishi hesabu. Ndiyo maana sioni uzito mkubwa katika kilio cha kila msimu cha kutaka viingilio vishushwe, ingawa najua ni kilio chenye mashabiki wengi.

Hatari ya kuahirishwa ni jambo jingine kabisa. Mei 8, 2021, mechi ya watani iliyopangwa kuanza saa 11 jioni ilisogezwa hadi saa 1 usiku siku ileile. Yanga walifika kwa muda wa awali, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda mpya. Watu walikuwa wamekwishajaa majukwaani. Mechi haikuchezwa hadi Julai 3. Miaka minne baadaye, Machi 8, 2025, Simba walitangaza kwamba hawatacheza, wakilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha siku hiyohiyo. Ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2–0. Katika visa vyote viwili tulibishana kwa wiki kadhaa kuhusu kanuni, pointi na nani alikuwa na haki. Aliyetoka mkoani alitajwa kwa huruma tu. Hata tiketi yake ikitambuliwa siku ya marudio, nauli haitambuliwi na mtu yeyote.

Muundo wa ligi unaukuza udhaifu huu wa kumsahau shabiki. Mwaka 1964 mwanauchumi Walter Neale alieleza kwamba mchezo ni bidhaa ya pamoja: hakuna timu inayoweza kuuza mechi peke yake. Hata hivyo, Uingereza iliacha kugawana mapato ya mlangoni katika ligi mwaka 1983, na iliyonufaika ni klabu kubwa yenye uwanja mkubwa. Kwetu, utaratibu huohuo wa mwenyeji kuchukua salio una sura tofauti, kwa kuwa Simba na Yanga wana mashabiki kila mkoa. Timu ndogo ina mechi 15 za nyumbani, na mbili kati ya hizo ndizo zinazojaza uwanja. Basi siku hizo mbili kiingilio hupandishwa mara mbili, tatu au zaidi, au mechi huhamishiwa kwenye uwanja wenye wateja wengi. Siwalaumu sana; klabu yenye siku mbili za mavuno itavuna hadi mizizi. Lakini mkazi wa mji wa timu hiyo, anayekamuliwa leo kisha akaachiwa mechi 13 zilizopooza, anafundishwa kwamba uwanjani huendwa mara mbili kwa mwaka.

Kwa upande wa pili ipo Azam, kampuni inayoitangaza ligi kwenye televisheni. Mkataba wake wa matangazo wa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, wastani wa takriban bilioni 22.6 kwa mwaka, sawa na mechi zaidi ya 40 za watani za aina ile ya 2020. Fedha hizi ni neema, lakini zina athari: klabu inayolipwa bila kujali nani kaja uwanjani haina haraka ya kumjali anayekuja. Naye shabiki hujibu kwa hesabu. Kibanda umiza cha mtaani kwake, anakotazama mechi kwenye televisheni, humtoza mia tano au elfu moja, na mechi ikiahirishwa anarudi nyumbani kwa miguu.

Kinachohitajika ni kanuni, na kanuni hiyo haihitaji fedha za mfadhili. Bodi ya Ligi iandike kwamba mechi ikiahirishwa ndani ya saa 48 bila dharura ya hali ya hewa au usalama, kila mwenye tiketi arejeshewe fedha zake zote, na kwamba aliyesababisha, iwe klabu au Bodi yenyewe, alipe fidia ya usafiri kwa kiwango kilichopangwa. Tiketi za kielektroniki zimekwisharahisisha kazi hiyo, kwani mnunuzi na muda wa ununuzi vinaweza kufuatiliwa. Klabu zitasema kanuni hiyo ni ghali. Gharama hiyo ipo tayari tangu mwaka 2021 na kabla yake, na hadi leo anayeilipa ni shabiki.