Kutoka Hina Hadi Jeli: Kucha za Wadada wa Mpanda

Enzi za bibi, kupendezesha kucha hakukuhitaji umeme. Hina inasagwa, inakorogwa, inapakwa, bi harusi analala nayo usiku kucha.

Jeli imekuja na masharti: haikauki kwa upepo kama Cutex, inagandishwa na mwanga wa taa maalumu. Kucha za taa zilianza Marekani miaka ya 1980, ila rangi ya jeli ya kichupa ilivuma kuanzia 2010, Shellac ya CND ilipoingia sokoni. Mwaka huo Mpanda bado iko mkoa wa Rukwa (Katavi ilizaliwa 2012), na umeme wake ni wa jenereta za dizeli!

Leo mdada anajifanyia geto: tupa, besi, rangi, topu, asetoni na kijitaa cha USB kwenye pawabenki. Shida inaanzia hapo. Taa nyonge, rangi nzito: juu kavu, chini mbichi. Jeli mbichi ikigusagusa ngozi inaweza kuleta aleji ya maisha, na kemikali za jamii hiyo zipo hadi kwenye dawa za kuzibia meno.

Kwa hiyo paka nyembamba, futa iliyogusa ngozi kabla ya kuwasha taa, na dakika zake usizikate.

Haya, nani bado yuko timu hina?