Tahakiki na ndugu zake

Mwanafunzi wa sekondari akisikia neno tahakiki, mawazo yake huenda kwenye riwaya na tamthilia: dhamira, wahusika, matumizi ya lugha. Msomaji wa magazeti kule Beirut au Algiers akikutana na neno hilohilo, tahqiq, huwaza faili la kesi. Huko hakimu anayekusanya ushahidi kabla ya shauri kusikilizwa huitwa kadhi wa tahqiq. Wasemaji wa Kiurdu nao huita uchunguzi wa polisi tahqiqat.

Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, h-q-q, zilizotupa pia haki na hakika. Herufi ya kati ikikazwa, kitenzi hupata maana ya kulifanya jambo lithibiti, na tahqiq ndilo jina la kazi hiyo. Kiswahili kina hakiki, nacho kikaivika viambishi vyake: uhakiki, mhakiki, hakikiwa, hakikisha.

Kazi nyingi za dola zilikwenda kwa maneno mengine. Upelelezi ni wa polisi: kosa limetendeka, anasakwa mtendaji pamoja na ushahidi. Anayefuatilia kesi Tanzania anaijua kauli ya mwendesha mashtaka kwamba upelelezi haujakamilika, na tarehe nyingine ikapangwa. Uchunguzi ni mpana zaidi. Daktari huchunguza maiti, na serikali huunda tume ya uchunguzi. Tume ya Jaji Philip Waki ilichunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007. Mwaka 2008 ikatoa ripoti na bahasha ya majina iliyofika kwa Kofi Annan, msuluhishi wa mgogoro huo. Kuhukumu hakukuwa kazi yake.

Hata hivyo, uhakiki haukubaki darasani. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti nchini Tanzania ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hapo palikuwa na dai tayari, nalo likalinganishwa na kumbukumbu za mitihani.

Basi mwandishi atazame kazi imeanzia wapi. Penye kosa, aandike upelelezi. Penye swali, uchunguzi. Penye dai, uhakiki. Kwa kipimo hicho, mhakiki wa riwaya hayuko mbali na afisa wa vyeti: naye amepokea kazi iliyokwisha kuandikwa, anapima kama inastahili sifa inayojidai.